Sura ya Tisa: Mashine Iliyobaki Ikilia

Mtoto alikuwa amelala kwenye sakafu ya mahabusu, shavu juu ya saruji, nzi wawili wakizunguka pembe za mdomo wake.

"Nani kamlaza mtoto chini?" Inspekta aliuliza.

Askari wa zamu alitazama dari. "Afande, mama yake ndiye mtuhumiwa. Na mtoto bado ananyonya, ndiyo maana yumo."

"Sijakuuliza ananyonya nini. Nimeuliza nani kamlaza chini."

Harufu ya mkojo ilikuwa imechanganyika na dawa ya kuulia wadudu, na dawa ndiyo iliyoshindwa. Inspekta alikuwa amelea watoto watatu na kuwafuta kila kinachoweza kumtoka mtoto, lakini hapa aliziba pua kwa kiganja. Aliingia, akamwokota yule mtoto, akampa mama yake, kisha akachuchumaa mbele yao, maana kwenye benchi hapakukalika.

Mama huyo alikuwa mjane tangu juzi. Mumewe alikuwa mpiga gita mstaafu, aliyegeuka fundi wa zile mashine za zamani zinazoifanya sauti ijirudie. Mtaani walimwita Fundi Mwangwi. Alikutwa chini ya meza yake ya kazi, kichwa kimepasuka, na damu yake ikiwa kwenye kona ya jiliwa, ile ya chuma inayobana vitu vya kukatwa. Daktari aliandika kwamba mzee hakuanguka mwenyewe. Alisukumwa, tena kwa nguvu. Aliandika na jambo jingine ambalo Inspekta alilisoma, akafunga jalada, akalifungua akalisoma tena: marehemu hakufa papo hapo. Angepelekwa hospitali mapema, angeishi.

Mdogo wa marehemu aliwaambia polisi kwamba mke na mume waligombana asubuhi ile, na kwamba nguo za mke zilikutwa na damu. Mkuu wa kituo hakutaka zaidi. Mjane angepelekwa mahakamani mchana huohuo kwa kosa la mauaji, na mtoto angetafutiwa pa kwenda.

"Mligombania nini?" Inspekta aliuliza.

"Kelele. Huyu anaota meno, hajalala usiku kucha, na baba yake kajifungia anapiga ile mashine yake tangu alfajiri. Nikamwambia ipo siku nitaitupa chooni."

"Halafu?"

"Halafu nikambeba mtoto nikaenda kusaga. Foleni mpaka barabarani. Nani atanikumbuka, Afande? Kila mwanamke pale ana mtoto mgongoni na debe kichwani."

"Uliporudi, mashine ilikuwa inalia?"

"Kimya. Nikasema leo kanionea huruma." Alimweka mtoto titini. "Nikaingia kumshukuru."

"Damu kwenye nguo?"

"Nilimpakata. Ulitaka nimshike kwa koleo?"

Inspekta alilipenda jibu lile. "Mashine uliigusa? Uliizima, uliisogeza?"

"Mimi? Niliizima mara moja tu tangu nimeolewa, huyu akiwa na siku chache. Nikazima pale ukutani, basi. Alinifokea mpaka jirani akatoka nje. Eti nimemuulia mpira wake. Mpira gani, hata sikuuliza. Tangu siku ile sikuigusa tena."

"Alikuwa na ugomvi na mtu mwingine?"

"Wiki ile alikuwa anachemka. Alisema kuna mtu anauza jina la bendi, na yeye ataenda redioni amvue nguo watu waone. Nikamuuliza nani. Akasema jina hilo likitajwa ndani ya nyumba yake, aliyelitaja atasukutua mdomo."

Inspekta alisimama, magoti yakalia. Mlangoni alimwambia askari alete godoro, tena lisilonuka. Askari akasema halipo.

"Najua halipo. Katafute."

Mezani kwake alizipanga picha za tukio. Zilipigwa kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Mpiga picha alikuwa mzee wa kazi na hakuwa na mzaha. Jiliwa. Gita chini, shingo imevunjika. Kitasa cha mlango, kilichofutwa kwa kitambaa mpaka hakikuwa hata na alama za vidole vya mwenye nyumba. Swichi ya mashine, nayo imefutwa vilevile. Na mashine yenyewe, sanduku la ukubwa wa mkoba wa safari, mfuniko wazi: utepe mwembamba wa kahawia uliounganishwa ncha kwa ncha ukawa pete, ukizunguka vichwa vidogo vya chuma, pembeni yake rola ya mpira, na kijiti cha chuma kimesimama wima. Aliitazama picha ile muda mrefu. Hakuelewa alichokuwa anakitazama, na jambo hilo lilimuudhi.

"Koplo," alimwita msaidizi wake, mwanamke mnene, mpole, asiye na maneno mengi. "Piga simu redioni. Uliza kama yule mzee aliomba nafasi ya kuzungumza, na kuhusu nani. Utanipa majibu njiani."

*

Nyumbani kwa marehemu, matanga yalikuwa bado hayajaanuliwa, lakini mdogo wa marehemu alikuwa ameshahamia kwenye kiti cha kaka yake. Alikuwa amevua viatu. Alikuwa anakula, sahani iko juu ya tumbo, na alipomwona Inspekta alilamba kidole gumba kabla ya kumpa mkono.

Inspekta hakuupokea. Si kwa sababu ya mate peke yake. Vidole vya yule bwana vilikuwa na weusi unaong'aa, mzito, kwenye kucha na kwenye mikunjo, kama mtu aliyefinyanga lami.

"Umeshika nini?"

"Grisi hii, mama. Pikipiki inanisumbua."

"Pikipiki yako ipi? Hapo nje hakuna pikipiki."

"Ya rafiki."

Inspekta aliinama akanusa. Haikuwa grisi. Ilinuka kama ndala iliyochomwa ikamwagiwa siki, na harufu hiyohiyo alikuwa ameipata alipokatiza uani. Alitoka bila kuaga. Karakana ilikuwa na utepe wa polisi mlangoni na lakiri haikuguswa. Lakini stoo ya uani hakuna aliyekumbuka kuifunga. Ndani, rafu tatu za mbao zilikuwa na vumbi nene, na kwenye vumbi kulikuwa na alama za mraba, safi, moja baada ya nyingine, mahali ambapo masanduku yalikaa miaka na sasa hayapo. Kwenye mbao kulikuwa na matone meusi yanayonata. Alipogusa moja kwa ncha ya kalamu, lilivutika kama kamasi.

"Mpira," alisema Koplo nyuma yake. "Mpira ukizeeka huoza hivyo. Cherehani ya marehemu mama ilikuwa hivyo."

Mdogo mtu aliwafuata, sahani mkononi.

"Kaka yako kazikwa lini?" Inspekta alimuuliza.

"Jana alasiri."

"Na mashine za stoo umezitoa lini?"

"Zilikuwa mbovu, mama. Takataka. Zinanuka, zinachafua..."

"Lini?"

Alitafuna kwanza, akameza. "Jana asubuhi."

Koplo alitema mate pembeni, jambo ambalo Inspekta hakuwahi kumwona akilifanya.

"Yaani wenzako wanaosha maiti, wewe unabeba masanduku."

"Mimi ndiye ndugu wa damu! Yule mwanamke mnamjua? Kaja juzi tu, kamzalia mtoto uzeeni, anataka arithi mpaka misumari. Na nyie badala ya..."

"Umempa nani mashine?"

"Mteja."

"Mteja ana jina, au nikutie ndani na wewe umfuate shemeji yako? Kule kuna nafasi sakafuni, mtoto nimemhamisha."

Sahani ilishuka. "Profesa. Yule aliyekuwa anapiga kinanda kwenye bendi ya kaka. Alinipigia mwenyewe. Akasema anachukua zote, hata zilizooza. Akaniuliza na ile ya mezani, kama ipo au polisi wameichukua. Nikamwambia mmeichukua. Akaguna tu."

"Ya mezani. Alisema hivyo? Ya mezani?"

"Ndiyo."

Inspekta alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Alikuwa na kila kitu cha kumfanya awe muuaji: tamaa, uongo, mikono michafu. Angependa sana awe yeye. Lakini mtu huyu alikuwa mwizi wa msibani tu, kunguru anayesubiri, na kunguru hangefuta kitasa, angeking'oa akakiuze.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa mshonaji, mama wa makamo mwenye pini mdomoni. Alizitoa mojamoja alipokuwa akiongea.

"Nilishawaambia wenzako, hawakuandika. Alikuwa anapiga gita lake vizuri tu. Mara nikasikia watu wanabishana."

"Sauti ya mke wake?"

"Ya mwanamume. Lakini ukuta ule mnene, na cherehani inaenda, siwezi kuapa. Halafu kishindo. Halafu, mwanangu, ile mashine ikaanza. Sauti moja ya gita inajirudia, inajirudia, na kila ikirudi inazidi kuwa mbaya, mpaka ikawa kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Haikomi! Nikavumilia, nikavumilia. Nikachukua mkasi nikagonga ukuta kwa mpini: mzee, tutakufa! Papo hapo ikakatika. Nikasema afadhali kanisikia." Pini ya mwisho ilibaki kati ya vidole vyake. "Kumbe si yeye aliyenisikia, au siyo?"

"Si yeye," alisema Inspekta.

*

Njiani Koplo alitoa taarifa yake. Mtangazaji wa redio alikumbuka vizuri: mzee aliomba dakika chache hewani aeleze kwamba bendi yao ya zamani ilikuwa na mashine moja tu ya mwangwi, kwamba anayo yeye, na kwamba kila mtu aliyeuziwa nyingine na mwenzake wa zamani ameuziwa upuuzi, wa mwisho mgeni mmoja mwezi uliopita. Mtangazaji akaona haki itendeke. Akampigia huyo mwenzake kumwalika naye aje ajitetee.

"Alimpigia lini?"

"Asubuhi ya siku aliyokufa mzee."

Duka la Profesa lilikuwa ghorofani, mlango wa kioo, hewa ya ubaridi, manukato mengi kama chumba cha kuhifadhia kitu kinachooza. Uprofesa hakusomea, alipewa na mtangazaji mmoja zamani kwa utani, naye akauchapisha kwenye kadi. Alikuwa mzee nadhifu, kucha zimekatwa vizuri kuliko za Inspekta. Ukutani alikuwa ametundika picha kubwa ya Fundi Mwangwi akiwa kijana na gita, utepe mweusi kwenye kona. Chini ya picha, juu ya meza yenye kitambaa, palikaa mashine ya mwangwi iliyong'arishwa, na kadi: MASHINE YA MAREHEMU. Kadi ilikuwa imechapishwa kiwandani, siyo kwa mkono. Mtu alikuwa ameiagiza, akalipia, akaisubiri.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Dada yangu, msiba huu umenimaliza. Tangu juzi sijatia kitu mdomoni."

Chembe ya keki ilikuwa imekaa kwenye sharubu zake na ilicheza alipoongea.

"Mazikoni ulifika?"

"Nilishindwa. Moyo."

"Na nyumbani kwake?"

"Ah, kule sijakanyaga miaka. Tulikosana, mambo ya sanaa haya. Lakini upendo ulibaki."

"Mimi sijui muziki," Inspekta alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Nieleze hizi ni nini, mpaka watu wazima wakosane."

Hapo Profesa aliwaka. Alieleza kwamba zamani, ukitaka sauti iwe na mwangwi, ulikwenda kurekodi chooni au kwenye ngazi za jengo kubwa. Kisha mafundi wa studio wakagundua ujanja kwa rekoda zao za utepe: kichwa kimoja kinanasa sauti, kingine kilicho mbele kidogo kinaisoma, na ule muda mdogo wa utepe kusafiri kati ya vichwa viwili ndio mwangwi. Lakini rekoda zile zilikuwa kubwa kama kabati. Akatokea mtu, wakatokea wengine, kila nchi na wake, wakaubana ujanja ule ndani ya sanduku moja, utepe umeunganishwa ncha kwa ncha uzunguke bila kikomo, vichwa vya kusomea vitatu, vinne. Mpiga gita akaubeba mwangwi mkononi kama mkoba. Za kwanza zilikuwa na taa za kioo ndani, zinachoma kama pasi. Baadaye zikaja za transista.

"Kisha wakaja Wajapani na chipu zao," alisema Profesa, "kidude kama kiberiti, hakina utepe, hakichoki. Watu wakazitupa hizi stoo, panya wakazaa humo. Miaka ishirini! Sasa wamegundua kwamba chipu inarudia sauti ileile, kavu, lakini utepe kila ukirudia unaichakaza kidogo, inakuwa na joto, inakuwa na uzee. Wanazitafuta dunia nzima. Na yenye historia, yenye jina la bendi, hiyo haina mfano."

"Na hii ndiyo ya bendi."

"Ndiyo yenyewe."

"Na ile uliyomuuzia yule mgeni mwezi uliopita?"

Chembe ya keki ilisimama. "Ile pia tuliipiga."

"Mlikuwa nazo ngapi?"

"Tulikuwa tunasafiri sana, dada yangu."

Koplo alikohoa. Inspekta aliliacha jambo lipite, kama mtu asiyejali, na kusema, "Kuna kitu kinanitatiza. Jirani anasema mzee alipokuwa ameshaanguka, mashine iliendelea kulia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Inawezekanaje, gita halipigwi?"

"Inawezekana sana!" Alicheka, kicheko cha mwalimu. "Kuna kitufe cha kurudisha sauti ndani ya utepe. Ukikizungusha mpaka mwisho inajila yenyewe. Yeye alipenda kuchezea hapo. Subiri."

Aliwasha mashine iliyokuwa chini ya picha. Alikishusha kijiti kwa kidole, rola ya mpira ikaubana utepe kwenye mhimili unaozunguka, utepe ukaanza kukimbia. Alichukua gita, akapiga waya mmoja, akazungusha kitufe. Sauti ilirudi. Ikarudi tena, nene zaidi. Ikarudi juu ya ile iliyotangulia, ikapoteza uzuri wote, ikawa mlio mmoja wa kuchukiza uliojaa chumba na kutikisa kioo cha mlango. Inspekta alihisi meno yakimwuma. Alifikiria mzee aliyelala kwenye saruji, damu ikimtoka, na huu ndio wimbo aliokuwa akiusikia.

Alianza kuuliza maswali kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Nini?" Profesa alipaza.

"Nimeuliza, juzi mchana ulikuwa wapi?"

"Sikusikii!"

Inspekta aliendelea kutikisa midomo. Profesa akachoka. Mkono wa kulia ulikwenda kwenye swichi, ukazima. Na kabla utepe haujasimama, mkono wa kushoto ulikuwa umeshateleza chini ya kile kijiti na kukiinua kwa dole gumba. Tk. Rola ikaachana na mhimili, kijiti kikasimama wima. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa anamwangalia Inspekta usoni na kusema, "Juzi nilikuwa hapahapa dukani, mchana kutwa, unaweza kuuliza."

Inspekta hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anakitazama kijiti. Alikuwa amekiona asubuhi, kimesimama hivyohivyo, kwenye picha.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimezima."

"Mkono mwingine."

Profesa aliutazama mkono wake wa kushoto kama umeletwa na mtu. "Ah! Hiyo." Akatabasamu, na Inspekta akaona fahari ikitangulia akili. "Hiyo ni adabu ya mashine. Ukizima ukaiacha rola imebana, mpira unaingia bonde. Bonde likishaingia, utepe ukipita unayumba, sauti inatembea kama mlevi anashuka ngazi. Mpira wenyewe haupatikani tena. Marehemu alitufundisha kwa makofi, unaamini? Ukisahau, kofi la kisogo. Siku hizi nainua bila kujua."

"Wangapi mlifundishwa?"

"Mashine ile kuigusa tuliruhusiwa watatu. Mpiga besi alikufa zamani. Mwingine mmemzika jana. Mwingine," akajigusa kifua, "ndiye huyu."

"Kaa chini," alisema Inspekta, na kwa mara ya kwanza hakumwita chochote, si mzee wala kaka. Alitoa simu akampigia mtaalamu wa alama za vidole. "Uko kituoni? Nenda chumba cha vielelezo. Mashine ya mzee. Kuna kijiti pembeni ya rola. Mlikipaka unga?"

Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka kwa Koplo. "Nani angepaka huko, Afande? Tulipaka swichi, ikawa imefutwa."

"Kipake. Chini yake. Nasubiri."

Alisubiri. Profesa alitaka kuwaletea soda. Koplo alisimama mlangoni, na mlango ule haukuwa mpana.

"Dada yangu, kama ni kijiti, alikiinua mwenyewe."

"Mwenyewe alikuwa chini, mashine inalia. Jirani kagonga ukuta, ikakatika. Aliyeizima alikuwa amesimama. Mke wake angeizima ukutani, ndivyo anavyojua, na kijiti kingebaki kimebana. Mdogo wake angeibeba ikiwa inalia hivyohivyo. Wewe ulifuta swichi. Ulifuta kitasa. Kwa nini hukufuta kijiti?"

Profesa aliutazama tena mkono wake wa kushoto.

"Kwa sababu hukujua kama umekigusa," alisema Inspekta. "Hata sasa hivi, mbele ya macho yangu, hukujua."

Sauti ilirudi kwenye simu. Dole gumba, Afande. Safi kama muhuri. Si la marehemu, si la mjane, si la mdogo mtu. Koplo alikuwa ameshafungua kijikopo cha wino juu ya kile kitambaa cha meza, chini ya picha yenye utepe mweusi.

Profesa aliutazama wino. Uso wake ulilegea wote kwa pamoja. "Alinitukana," alisema. "Mimi, niliyelala naye jukwaani miaka! Akasema Jumapili ataniumbua nchi nzima. Nilimsukuma tu. Mtu anasukumwa, anaanguka, anaamka."

"Uliona damu?"

"Kidogo."

"Alikuwa anapumua?"

Alijibu kama analalamika. "Alikuwa anakoroma. Nilidhani atazinduka."

Inspekta aliinuka. Alihisi manukato ya chumba kile yamemwingia mpaka kooni, na akajua nguo hizi atazifua mara mbili.

"Alikuwa anakoroma miguuni pako. Ukamruka, ukaenda kuzima mashine, na ukauhurumia mpira usiingie bonde. Mpira uliuinua. Mtu ukamwacha chini." Alimgeukia Koplo. "Mfunge. Na mfute hiyo keki mdomoni, sitaki kuiona njia nzima."

*

Mkuu wa kituo alisaini hati ya kumwachia mjane bila kuinua macho, akisema tu kwamba kumbe ilikuwa kazi rahisi. Inspekta alikwenda kunawa. Ule weusi wa stoo ulikuwa umemshika kwenye kidole, na sabuni iliutandaza badala ya kuutoa.

Mjane alikuwa anamfunga mtoto mgongoni. Hakulia alipoambiwa jina. Alilirudia mara moja kwa mdomo wake, kisha akaenda bombani, akasukutua mdomo, akatema.

"Na ile mashine?" aliuliza.

"Itabaki kwetu mpaka kesi iishe. Ni kielelezo."

"Ibaki." Alilikaza fundo kifuani. "Ila mwambie huyo mtunzaji, wakiijaribu wasije wakaizima ukutani. Kuna kitu kinaharibika, mimi sikijui. Alikuwa hapendi."

Alitoka na mtoto wake. Inspekta alisimama kidogo, kisha akashuka mwenyewe mpaka chumba cha vielelezo na kuomba afunguliwe. Mashine ilikuwa kwenye rafu ndani ya mfuko wa nailoni, unga wa alama za vidole ukiwa umetapakaa juu yake. Aliinama aone kama kuna la kufanya.

Halikuwepo. Kijiti kilikuwa wima, mpira uko huru, haujaguswa na chochote. Muuaji alikuwa ameshaifanya kazi hiyo, tena vizuri.